Sura ya Nne: Ruhusa Kwanza, Kodi Baadaye

Mwezi Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walitoka mjini na bunduki zao kwenda kumpiga Mtemi Mirambo, na chanzo cha ugomvi kilikuwa ushuru. Msafara uliokuwa ukielekea Ujiji ulisimamishwa katika nchi ya Mirambo, ukatakiwa utoe mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Ukatoa. Baada ya kutoa ukaambiwa urudi ulikotoka, kwa kuwa hakuna msafara wa Mwarabu utakaopita tena njia ile Mirambo akiwa hai. Habari hii iliandikwa na Henry Morton Stanley, aliyekuwa amepiga kambi Kwihara akitafuta namna ya kumfikia Livingstone, na ambaye aliamua kwenda vitani pamoja na wenyeji wake. Vita viliwaendea vibaya. Soud bin Sayyid na watu wake waliteka boma la Ulyankulu, wakabeba pembe za ndovu, wakaviziwa wakirudi, na Soud akauawa. Kabla mwezi haujaisha Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdullah akafa akiutetea.

Kulipa wafanyabiashara hao walikuzoea. Toka Bagamoyo hadi Unyanyembe, nchi iliyozunguka Tabora, msafara ulilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila mtawala mwenye nguvu za kuudai, na Ugogo ndiko kulikosumbua kuliko kote kwa sababu maji yalikuwa machache na aliyeyamiliki alijua thamani yake. Malipo yalikuwa nguo: merikani, kaniki, barasati, zikihesabiwa kwa doti, na doti moja ilikuwa mikono minane. Mjumbe wa mtemi alikuja kambini, akataja kiasi, akakataliwa, akarudi, akaja tena. Mazungumzo yaliweza kuchukua siku kadhaa huku wapagazi wakila posho bure. Lakini yakimalizika yalikuwa yamemalizika. Aliyelipa alipita, na mtemi aliyepokea aliwajibika kwamba watu wake hawatamgusa. Kodi yenyewe ndiyo iliyokuwa ruhusa. Mirambo, kwa kupokea kisha kuzuia, alikuwa amevunja mapatano ambayo biashara nzima ya njia ya kati iliyategemea.

Kwa mgeni aliyetaka kukaa, mambo yalikuwa na uzito zaidi. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, walikuta wageni walioishi hapo miaka mingi, wenye nyumba za tembe, mashamba na maghala. Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi, alikuwa mmoja wa watangulizi wao. Waliishi kwa ridhaa ya Mtemi Fundikira, na ridhaa hiyo ilikwenda pamoja na zawadi, udugu wa ndoa na kuheshimu mipaka. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira mwenyewe. Huo ulikuwa mkataba wa ukaazi wenye nguvu kuliko karatasi yoyote.

Fundikira alipofariki akafuata Mnywa Sere, naye akatoza kodi bidhaa zote zilizoingia Unyanyembe. Waarabu wakakataa. Walijiona wenyeji kiasi cha kumwondoa mtawala aliyewatoza, wakamweka Mkasiwa mahali pake mnamo 1860. Speke alipopita tena mwaka 1861 alijaribu kuwapatanisha, akashindwa. Mnywa Sere aliishi msituni akishambulia misafara mpaka alipouawa mwaka 1865. Ukitazama kwa makini utaona kwamba swali lililomwondoa madarakani bado lina uhai: nani ana haki ya kumwambia mgeni afanye kazi gani, wapi, na kwa malipo gani kwa nchi iliyompokea?

Leo Serikali ya Tanzania imeligawa swali hilo katika madirisha matatu, na mgeni anayefika Tabora kufanya kazi hana budi kupita yote. Kamishna wa Kazi anaamua kama mtu anaweza kufanya kazi. Idara ya Uhamiaji inaamua kama anaweza kuishi. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, iliyoanza kazi Julai 1996, inampa namba ya utambulisho wa mlipakodi, ile inayoitwa na kila mtu TIN. Mpangilio wa enzi za misafara umegeuzwa kabisa. Zamani ulilipa ndipo ukaruhusiwa. Sasa unaruhusiwa ndipo ulipe, na kulipa peke yake hakukupi ruhusa yoyote. Wageni wengi wanaojikuta matatani wameteleza hapo: wana TIN mkononi, wanakatwa kodi kila mwezi, wanaamini kwamba nchi inayopokea fedha yao imekwisha kuwakubali.

Na wageni Tabora si wachache. Tarehe 28 Desemba 2021 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, kilomita 368 pamoja na njia za kupishania, mjenzi akiwa kampuni ya Uturuki, Yapı Merkezi. Mwaka uliofuata kikaongezwa kipande cha Tabora hadi Isaka, kisha cha Tabora hadi Kigoma kilichokwenda kwa Wachina. Wilayani Nzega, katika kijiji cha Sojo, kimejengwa kiwanda cha kuyavika mabomba ya mafuta ghafi gamba la kutunza joto, kwa ajili ya bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, ndiyo maana kila kipande cha bomba chenye urefu wa mita 18 hupita Sojo kwanza kabla ya kufukiwa ardhini. Kazi ya namna hiyo ilihitaji mafundi ambao Nzega haikuwa nao. Ongeza wataalamu wa kampuni za tumbaku, mapadre na masista, madaktari wa kujitolea, na wafanyabiashara kutoka nchi jirani.

Tuchukue mfano wa fundi mmoja anayeletwa kusimamia mtambo wa kiwandani. Yeye haombi kibali cha kazi; anayeomba ni mwajiri. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka 2015, inamkabidhi Kamishna wa Kazi mamlaka hayo, na inavigawa vibali katika madaraja matano. Daraja A ni la wawekezaji. B ni la fani zilizotajwa rasmi, kama vile madaktari na walimu wa sayansi. C ni la fani nyinginezo, na ndiko mafundi wengi wanakoangukia. D ni la watumishi wa dini na mashirika ya hisani. E ni la wakimbizi, na tutalirudia. Maombi hupelekwa kwa mtandao: mkataba wa ajira, vyeti vilivyothibitishwa na kutafsiriwa kama viko kwa lugha ngeni, wasifu, nakala ya pasipoti, maelezo ya kazi, nyaraka za usajili wa kampuni na za kodi.

Halafu kuna waraka ambao waajiri wengi huujaza kwa haraka ili tu uwepo: mpango wa kurithisha kazi. Ndani yake mwajiri anamtaja Mtanzania atakayefundishwa na mgeni huyo mpaka aweze kushika nafasi yake, na anaeleza atafundishwaje. Huu ndio moyo wa sheria yote. Mgeni anaruhusiwa kwa sababu ujuzi wake haupatikani, na anaruhusiwa kwa masharti kwamba akiondoka uwe unapatikana. Kijana wa Nzega aliyesimama mwaka mzima kando ya fundi wa nje na kujua kusoma vipimo vya mtambo amepata kitu ambacho hakuna fidia ya ardhi inayoweza kulingana nacho. Pale jina lake linapoandikwa kwenye waraka tu na yeye akaachwa getini akilinda, ameibiwa, na walioibiwa pamoja naye ni wengi. Ofisi za kazi za mikoa zingetenda haki kubwa kama zingemtafuta kijana huyo kila kibali kinapoletwa kuhuishwa, zikamuuliza yeye mwenyewe amejifunza nini.

Kibali cha kazi kikitoka, Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi, nacho kina madaraja yake: A kwa mwenye mtaji au anayejiajiri, B kwa aliyeajiriwa, C kwa wengine kama wamisionari, wanafunzi na watafiti. Herufi za ofisi hizi mbili hazilingani. Fundi wetu ana kibali cha kazi cha C na kibali cha ukaazi cha B, na mtu akimwambia "mimi nina B" ni lazima aulize B ya wapi. Kwa kazi ya siku chache, kama kufunga mashine na kuondoka, kuna viza ya biashara ya dola 250 isiyozidi miezi mitatu, na kuna pasi ya kazi za muda mfupi. Viza ya matembezi ya dola 50 haimruhusu mtu kufanya kazi yoyote, hata ya kujitolea. Vijana wengi wa Ulaya wanaokuja kusaidia shule na zahanati hushangaa kusikia hivyo. Sheria haitazami kama umelipwa; inatazama kama umefanya kazi.

TIN ndiyo nyepesi kuliko zote. Namba yenyewe ina tarakimu tisa na haiuzwi. Mtanzania huipata kwa namba yake ya NIDA yenye tarakimu ishirini. Mgeni hutumia pasipoti na kibali chake, hujaza fomu mtandaoni, kisha hufika ofisi ya TRA ya mkoa kuchukuliwa picha na alama za vidole. Asiyefanya biashara huchagua TIN isiyo ya biashara, na hapo kosa dogo huzaa gharama kubwa: aliyejiandikisha kama mfanyabiashara atadaiwa ritani za mapato kila mwaka hata kama hakuuza sindano. Hata hivyo bado wapo wanaolipia TIN. Wanawalipa vishoka, wale vijana wa milangoni wanaomwambia mgeni kwamba foleni ni ndefu na wao wana mtu ndani. Mgeni asiyejua Kiswahili humwachia kishoka pasipoti yake mchana kutwa kwa ajili ya huduma isiyokuwa na bei. Bango moja mlangoni, lenye maandishi makubwa kwamba TIN hutolewa bure, kwa Kiswahili, Kiingereza, Kituruki na Kichina, lingeweza kuimaliza biashara hiyo.

Kiasi cha kodi hutegemea siku ambazo mtu amekaa nchini, na hesabu hii inastahili kufanywa wazi. Aliyeishi Tanzania siku 183 au zaidi katika mwaka huhesabiwa mkaazi kwa ajili ya kodi. Ipo pia njia nyingine, ya wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka, ukichukua mwaka husika na miwili iliyoutangulia. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mkaazi hukatwa kama Mtanzania: shilingi 270,000 za mwanzo kwa mwezi hazitozwi, kisha viwango hupanda kutoka asilimia 8 mpaka 30 kwa kinachozidi milioni moja. Anayelipwa shilingi milioni mbili kwa mwezi, tukiweka kando michango ya NSSF, atakatwa 300,000 akiwa si mkaazi na 428,000 akiwa mkaazi. Mwajiri hukata na kuwasilisha TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Fundi Mhindi au wa Afrika Kusini anaweza kujikinga asitozwe mara mbili, kwa kuwa nchi hizo zina mkataba wa kodi na Tanzania.

Mlango wa mgeni asiyeajiriwa wala kuwa mwekezaji mkubwa umezidi kuwa mwembamba. Tarehe 28 Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, alitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15: uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, uchimbaji mdogo wa madini, uongozaji watalii, maduka ya rejareja na nyinginezo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Mtanzania anayemficha mgeni nyuma ya leseni yake naye anaadhibiwa. Malalamiko yaliyosikika zaidi yalikuwa ya Kariakoo, lakini kwa Tabora kifungu kinachogusa maisha ya watu moja kwa moja ni kile cha ununuzi wa mazao shambani. Mkulima wa karanga wa Uyui aliyezoea kumwona mnunuzi kutoka ng'ambo akija na fuso hadi uwanjani kwake sasa anauza kwa Mtanzania au kupitia ushirika. Tumbaku ilikuwa na utaratibu wake wa vyama vya msingi toka zamani, hivyo haikutikisika.

Lakini kisa kikubwa kuliko vyote vya mgeni, kazi na kodi katika mkoa huu kiko Ulyankulu, pale pale Soud bin Sayyid alipoteka boma.

Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwasukuma watu wengi kuvuka mpaka. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi, kwanza Katumba na Ulyankulu, na mwishoni mwa miaka ya 1970 Mishamo, ilipoonekana kwamba maji na ardhi ya Ulyankulu havitoshi watu wote. Walipewa pori la miyombo lenye mbung'o, shoka na mbegu. Ndani ya miaka michache walikuwa wanauza mahindi na maharage nje ya makazi yao, na wengi wakaingia kwenye tumbaku. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mashirika ya misaada yalikuwa yamekabidhi makazi hayo kwa serikali, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kulishwa tena.

Watu hao walilipa kodi. Walilipa ushuru wa mazao, walikatwa kwenye tumbaku kama mkulima mwingine yeyote wa Urambo, na wilaya zilijenga kwa fedha hiyo. Wakati huohuo, mtu wa Ulyankulu aliyetaka kwenda Tabora mjini kumwona mgonjwa au kuuza baiskeli alipaswa kupata kibali cha kutoka makazini, chenye tarehe ya kwenda na ya kurudi. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka 1975, akasoma kwa Kiswahili, akaoa, akazaa, alikuwa bado mkimbizi wa nchi asiyoijua. Katika msafara wa zamani aliyelipa alipita. Hapa walilipa kwa zaidi ya miaka thelathini na bado walisimama kizuizini.

Mwaka 2007 na 2008 waliulizwa wanataka nini. Kati ya watu wapatao 218,000 wa makazi yote matatu, karibu wanne kwa kila watano walichagua Tanzania. Mwaka 2010 maombi ya watu 162,156 yalikubaliwa, jambo lenye ukubwa ambao haukuwa umewahi kuonekana kwa kundi moja la wakimbizi. Kisha likaja agizo kwamba wahame, watawanywe katika mikoa mingine, ndipo wapewe vyeti. Wengi walikaa miaka minne wakiwa wameuacha uraia wa Burundi na hawajashika karatasi ya Tanzania, bila kujua kama wapande miembe au wafunge mizigo. Agizo la kuhama likaachwa, na Oktoba 2014 serikali ya Rais Jakaya Kikwete ikaanza kugawa vyeti. Mwaka uliofuata Ulyankulu likawa jimbo la uchaguzi.

Cheti kile kilibadilisha mambo ya kila siku. Mwenye nacho haombi tena kibali cha kutoka wala cha kazi. Anajiandikisha NIDA, kwa namba hiyo anapata TIN, kwa TIN anapata leseni ya udereva au ya duka, na amri ya 2025 inayomzuia mgeni kununua mazao shambani inamlinda yeye. Hakuna dirisha kati ya yale matatu ambalo mhandisi wa kigeni mwenye shahada mbili hulipita kwa wepesi huo.

Wakimbizi waliokuja baadaye hawakuwa na bahati hiyo. Ukipanda treni Tabora kuelekea Kigoma unakwenda upande wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo, na ambako Warundi waliokimbia mwaka 2015 nao walimiminika. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inataja kibali cha kazi kwa mkimbizi, na sheria ya 2015 imempa daraja lake la E. Ila mkimbizi wa kambini haruhusiwi kutoka bila kibali, na mwajiri anayepaswa kumwombea yuko nje ya uzio. Fundi cherehani, muuguzi na mwalimu wa hisabati wapo mle ndani, fani ya hisabati ikiwa mojawapo ya zile ambazo daraja B linawatafuta wageni kutoka mbali. Kamishna wa Kazi na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi wangeweza kuanza na hao: shule ya sekondari ya Uvinza au Kaliua yenye upungufu wa mwalimu iruhusiwe kumwombea aliyeko Nyarugusu, kibali cha kutoka na kibali cha kazi vitolewe kwa barua moja, na TIN ifuate wiki ya kwanza ya mshahara.